Nilipona kansa nikiwa mtoto. Miaka 30 baadaye kinyozi akaniuliza, "Hiki kidonda mbona hakiponi?"

Mpima Viwanja (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mwaka 1993 nikiwa na miaka 11 nilivimba tezi za shingo upande wa kulia, zikawa kama kokwa zimepangwa chini ya ngozi. Nyumbani Tanga walianza na dawa za TB. Wapi. Marehemu mzee alikuwa karani bandarini, kazini wakamshika mkono, tukapelekwa India. Kule wakasema ni Hodgkin, kansa ya mfumo wa limfu. Nikapigwa dripu miezi kadhaa, halafu mionzi ya shingo na kifua. Nikapona. Nywele zikaota, nikasoma, nikaoa, nina watoto wawili. Miaka yote hiyo nikiulizwa hospitali kama nimewahi kuugua ugonjwa mkubwa, nilikuwa najibu hapana. Si kwamba nilificha. Niliona yale mambo ni ya mtoto mwingine.

Mwaka juzi kinyozi wangu wa mtaani akazima mashine. "Bro, mwezi wa nne huu nakikwepa hiki kidonda. Mbona hakiponi?" Kiko chini ya sikio la kulia, nyuma kidogo, pale kola inapogusa, yaani mwenyewe siwezi kukiona hata kwa kioo. Akakipiga picha kwa simu yake. Kilikuwa cheusi, kama punje ya mahindi, kinang'aa utadhani kimepakwa mafuta. Ukingo umeinuka kama ushanga mdogo uliozungushwa, katikati pamechimbika. Ndipo nikaelewa ile damu kwenye kola za mashati yangu. Mke wangu siku zote alikuwa analaumu mbu.

Duka la dawa walinipa krimu ya fangasi. Zahanati wakanipa nyingine ya fangasi. Miezi 8 napaka tu. Kinakauka juu wiki mbili, kinadondoka gamba, kinatoa damu tena.

Nilipofika kwa daktari wa ngozi akaniambia nivue shati. Hakuangalia kidonda kwanza, alinyoosha kidole kifuani: "Na hivi vitone?" Nina vitone vitatu vya wino wa bluu, kimoja chini ya koo, viwili karibu na makwapa. Shuleni nilikuwa nawaambia wenzangu ni chanjo ya kuzuia simba. Nikamweleza kwamba walinichanja India ili kila siku mashine ipige palepale. Akakaa chini, akaniuliza taratibu, "Ulipigwa mionzi ukiwa mtoto, na hakuna aliyewahi kukwambia uikague hii ngozi?"

Hakuna.

Akakata kinyama, kikaenda maabara ya patholojia. Majibu: saratani ya ngozi, aina inayoanzia kwenye seli za tabaka la chini, ile wanayoandika BCC kwa kifupi. Ikakatwa kwa ganzi, nikarudi nyumbani siku hiyohiyo na nyuzi 7. Hii aina ni nadra sana kusambaa mwilini, ila ukiiacha inakula kilicho jirani nayo, iwe sikio, pua au jicho.

Daktari akataka faili la India. Faili mzee alilitunza kwenye sanduku la bati, na sanduku likatunzwa na mchwa. Tulikuta jalada na vumbi. Kwa hiyo kumbukumbu pekee ya mionzi yangu ni vile vitone vitatu.

Nauliza wana jukwaa. Wewe uliyetibiwa kansa utotoni, au una mtoto aliyetibiwa: unajua mionzi ilipita wapi?

---

Kisiki cha Mpingo

Mkuu pole, ila hapa tusidanganyane. Kansa ya ngozi ni ya Wazungu na ndugu zetu wenye ualbino. Mtu mweusi ana melanini, ile rangi ya ngozi inayomkinga na jua. Labda hicho kilikuwa kidonda cha kawaida, ukapigwa hela.

---

Mpima Viwanja

Kisiki, hilo hata mimi nilimwambia daktari, tena kwa kiburi. Hakunibishia, akanipa hadithi ya mapunye.

Miaka ya 1940 na 1950 huko New York watoto wenye mapunye walikuwa wanapigwa eksirei kichwani ili nywele zidondoke na fangasi wafe. Ndiyo ilikuwa tiba ya kisasa. Watoto zaidi ya 2,000 wakaja kufuatiliwa hadi utu uzima, karibu robo yao weusi. Saratani za ngozi ya kichwa na uso zikaja kuota, na karibu zote ziliota kwa Wazungu. Kwa hiyo una haki kwa sehemu kubwa. Inaonekana mionzi inaanza kazi na jua linaimalizia, na melanini inalipunguza jua.

Lakini "karibu zote" si "zote". Melanini haizuii mionzi ya mashine, ile inapita moja kwa moja. Na kazi yangu ni kupima viwanja, shingo iko juani tangu asubuhi. Mimi ndiye yule aliyebaki kwenye "karibu".

---

Chumba cha Mashine

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya mionzi. Siongei kwa niaba ya ninakofanya kazi. Mleta uzi kagusa jambo ambalo hata sisi hatulisemi vya kutosha.

Kuna utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada ulioanza mwaka 1994, unafuatilia watu waliopona kansa za utotoni kuanzia wale waliougua 1970. Mwaka 2005 walitoa hesabu ya saratani za ngozi zisizo melanoma (melanoma ni ile kali inayoanzia kwenye seli za rangi). Kati ya watu 13,132 waliopona, 213 walikuwa nazo. Asilimia 97 ya hao ilikuwa BCC, kama ya mleta uzi. Sasa sikilizeni umri: nusu yao walikuwa hawajavuka miaka 31 au hapo kwa hapo. Kwa watu wengine huu ni ugonjwa wa wazee. Karibu nusu yao walipata zaidi ya kimoja. Na vivimbe 9 kati ya 10 viliota ndani ya eneo lililopigwa mionzi.

Aliyepigwa mionzi hatari yake ilikuwa mara 6 hivi ya mwenzake aliyepona bila mionzi. Baadaye walipima dozi iliyofika kwenye ngozi yenyewe. Waliopata gray 35 (gray ni kipimo cha dozi ya mionzi) na zaidi sehemu hiyo, hatari ilikaribia mara 40 ya wasiopigwa kabisa. Dozi ikipanda, hatari nayo inapanda sambamba. Lakini msichukue hizi "mara" mkazitumia kutishana. Waliofuatiliwa wengi ni Wazungu, na kitu kidogo ukikizidisha mara 6 bado kinaweza kuwa kidogo.

Ngozi ni geti. Hata tukitaka kufika kwenye tezi ndani ya kifua, lazima tupite hapo, kuingia na kutoka. Kwa hiyo mgongo nao ukaguliwe, si kifua tu.

Mashine za zamani, hasa za kobalti, ziliiachia ngozi dozi kubwa kuliko za sasa. Waliotibiwa miaka ya 80 na 90 wajiangalie zaidi.

---

Dokta wa Mitishamba

Saratani zote zinatokana na mwili kuwa na tindikali. Nina mafuta ya mwarobaini na unga maalumu, wiki 3 tu kidonda kinadondoka chenyewe. Njoo PM.

---

Chumba cha Mashine

Si kweli kwamba saratani zinatokana na tindikali. Na kidonda kikidondoka juu, chini kinaendelea. Tumeshawapokea waliotoka huko PM, wamekuja sikio limeshaondoka. Tuendelee wakuu.

---

Mama Neema Mwanza

Samahani naingilia. Nimesoma uzi huu mara mbili na moyo unanienda mbio. Mwanangu alikuwa na kansa ya jicho akiwa na mwaka na nusu. Mimi ndiye niliyeona weupe kwenye mboni, kama jicho la paka usiku, kila nikimpiga picha kwa mwanga. Walilitoa jicho moja, akapata na dripu. Sasa ana miaka 9, yuko darasa la tatu, anaimba kwaya. Sikumbuki kama alipigwa mionzi. Nifanyeje? Nimfungie ndani asipigwe jua?

---

Chumba cha Mashine

Mama Neema, usimfungie mtoto. Mwache aimbe.

Maswali ni mawili. La kwanza, je, alipigwa mionzi? Jicho likitolewa na dripu ikatolewa, mara nyingi mionzi haikuhitajika, lakini usikisie. Nenda pale alipotibiwa uombe muhtasari wa matibabu. La pili, ugonjwa ulikuwa jicho moja au yote mawili, na kuna ndugu aliyewahi kuwa nao? Wanaozaliwa na hitilafu ya jeni ya RB1 wanabaki na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata saratani nyingine maishani, melanoma ikiwemo, hata wasipopigwa mionzi. Waliopigwa wanaongezewa. Ugonjwa ukiwa jicho moja tu, wengi hawana hitilafu hiyo kwenye mwili mzima, ila baadhi wanayo. Muulize daktari wake hili kwa jina: jeni ya RB1.

Kofia pana akienda shamba au kwenye gwaride, hiyo inatosha kuanzia. Na siku ya kumwogesha mtazame vizuri.

---

Mzee wa Taya

Mimi wa Kagera. Nilivimba taya nikiwa na miaka 6, meno yakalegea yote upande mmoja. Nikatibiwa Kampala, ni dripu tupu, mashine sikuiona. Sasa nina 47. Nami nihesabu vitone?

---

Chumba cha Mashine

Mzee, maelezo yako yanafanana na Burkitt, ile kansa ya taya ambayo daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliiandika mwaka 1958 akiwa hapohapo Uganda. Inayeyuka kwa dawa, ndiyo maana wengi wenu hamkupigwa mionzi. Kwa habari ya BCC wewe uko karibu na mtu wa kawaida. Ngozi yako iangalie kama mtu yeyote mwenye akili zake.

---

Kipepeo wa Moshi

Nina ualbino. Nacheka kidogo kuona mnavyoshtuka, sisi ndiyo maisha yetu toka kuzaliwa. Sijaugua kansa utotoni ila nimeshakatwa vidoa viwili, mkono na mdomo wa chini.

Kwa mleta uzi na wenzake, chukueni shule ya bure. Kola ya shati haitoshi, tafuta kofia yenye ukingo mpana pande zote, kepu inaacha masikio na shingo kwenye moto. Saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni ndiyo kali. Mawingu yasikudanganye. Losheni ya jua unapaka nyingi, si ya kujipuna kama mafuta ya usoni, na unarudia kila baada ya saa mbili ukitoka jasho. Hapa Moshi kuna losheni inatengenezwa kwa ajili yetu, KiliSun, na kliniki za pale hospitali ya KCMC zimetusaidia sana. Mwenye ngozi nyeusi haihitaji kama mimi, ila wewe paka pale ulipopigwa mionzi, chupa moja itakutosha miezi mingi.

Na Kisiki, asante kwa kusema "ndugu zetu". Wengi humu huandika neno lingine.

---

Bint Pwani

Naomba kuuliza bila kutukanwa. Mimi nilipigwa mionzi ya tumbo kwa ajili ya figo, nikiwa mdogo. Ngozi ya hapo ni nyeusi kuliko kwingine, kama ramani. Nimekuwa natumia mkorogo kusawazisha rangi. Je?

---

Mpima Viwanja

Dada, hatukutukani. Acha leo. Nilimwuliza daktari hilohilo kwa ajili ya shemeji yangu. Mkorogo unaondoa ile melanini ambayo ndiyo mlinzi pekee uliyebaki naye hapo, na steroidi iliyomo inaifanya ngozi nyembamba kama karatasi ya maandazi. Huko Dakar, Senegal, madaktari wameripoti wanawake weusi waliopata saratani za ngozi baada ya kujichubua miaka mingi, na hao hata mionzi hawakuwahi kupigwa. Hiyo rangi ya ramani ni kovu la vita ulivyoshinda. Ivae.

---

Chumba cha Mashine

Naongeza kwa Bint Pwani: weusi uliosawazika na uliokaa hivyo miaka yote si tatizo. Tunachotafuta ni badiliko. Kidonda kisichopona mwezi mzima, kivimbe kinachong'aa, gamba linalorudi palepale, doa linalokua au kubadilika rangi. Kwa ngozi yetu BCC huwa nyeusi na inajifanya baka la kawaida, ndiyo maana mleta uzi alipakwa fangasi miezi 8.

---

Kisiki cha Mpingo

Nimeelewa, nafuta kauli. Lakini Bob Marley si alikufa kwa kansa ya kidole cha mguu? Yule naye alipigwa mionzi utotoni?

---

Chumba cha Mashine

Hapana, ile ilikuwa melanoma, tena ya aina isiyohusiana na mionzi. Iligundulika 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Hiyo aina ya nyayo, viganja na kucha haina habari na jua, na kwa watu weusi melanoma inapenda kujificha huko. Waliopona kansa utotoni uwezekano wao wa melanoma kwa jumla uko kama mara 2 na nusu ya watu wengine, kwa hesabu za utafiti uleule. Kwa hiyo ukijikagua, geuza na nyayo. Mstari mweusi kwenye ukucha mmoja tu unaozidi kupanuka, usiuite wa kujigonga.

---

Nyota ya Toronto

Wakuu, nipo Kanada mwaka wa 14. Nilitibiwa leukemia (kansa ya damu) nikiwa Nairobi na miaka 7, nikapigwa mionzi ya kichwa, siku hizo ilikuwa kawaida ili ugonjwa usijifiche kwenye ubongo. Siku hizi watoto wengi hawapigwi.

Hapa nilipojiandikisha kliniki, swali la kwanza lilikuwa "una kansa yoyote ya zamani?" na nikasema ndiyo. Nikaingizwa kwenye utaratibu wa waliopona. Kila mwaka daktari anaikagua ngozi yote iliyopigwa mionzi, mwongozo wao unasema hivyo, na kila mwezi ninajikagua. Mimi nimesuka muda wote, so shida yangu ni nani ataona ngozi ya kichwa. Ni msusi! Nimemfundisha msusi wangu Mkongo, anafungua mistari minne, anapitisha kidole. Mara moja aliniambia "dada, huku kuna kitu kama njegere." Kilikuwa chunusi. Nikamlipa bakshishi hata hivyo.

Kinachonisumbua ni watu wa nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango mwaka 2018, lengo angalau watoto 6 kati ya 10 wenye kansa wapone ifikapo 2030. Nchi tajiri tayari ni zaidi ya 8 kati ya 10. Sawa, tunakazana wapone, na Muhimbili, Eldoret na kwingineko wanapona wengi kuliko zamani zetu. Na huyo aliyepona akifika miaka 30, atakwenda wapi na atasema nini?

---

Mpima Viwanja

Nyota, ndiyo maana nikaanzisha uzi. Mtoto anatoka wodini na keki na picha ya pamoja, hatoki na karatasi. Karatasi moja tu ingetosha: ugonjwa gani, dawa gani, mionzi wapi na kiasi gani, mwaka gani. Daktari wangu alisema kwa kuwa dozi yangu haijulikani, atanihesabu kama niliyepata kubwa. Miezi 6 kwa 6 naripoti. Na akaniasa kwamba nikipata kingine hapohapo nisikubali kirahisi kutibiwa kwa mionzi tena, kisu kwanza.

---

Mama Neema Mwanza

Nimerudi. Nilikwenda jana. Nesi alitafuta kwenye rejesta saa nzima, nikakaa naye. Ni jicho moja, mionzi hakupigwa. Nimeandikiwa muhtasari ukurasa mmoja na muhuri, nimeupeleka steshenari nikautia plastiki, na nakala nimempa mjomba wake akae nayo Shinyanga. Ile jeni bado hawajampima, nimeambiwa kipimo hicho ni cha kutafutia. Mungu awabariki.

---

Bint Pwani

Nimetupa kopo. Lilikuwa nusu, limeniuma.

---

Mpima Viwanja

Wakuu naleta mrejesho kidogo.

Mdogo wangu alikuwa Tanga wiki iliyopita kurekebisha paa. Ndani ya Msahafu wa mzee amekuta daftari dogo la mkononi, lile la mistari, mchwa hawakulifikia. Mzee alikuwa karani, aliandika kila senti ya safari ya India ili aje ailipe ofisi hesabu. Kuna ukurasa umeandikwa "MASHINE". Chini yake siku zimepangwa 1, 2, 3, na mbele ya kila siku nauli ya riksho kwenda na kurudi. Jumapili ameziruka. Baada ya namba 8 kuna siku ameandika "mashine mbovu, tumerudi", na hiyo hakuipa namba.

Zimeishia 20.

Nimempigia picha Chumba cha Mashine nikamtumia. Anasema kwa kawaida ya wakati ule, gray 1.8 kwa siku mara 20, inakuja kama 36, ingawa haiwezi kuwa zaidi ya makisio. Daktari wangu ameibandika ile picha kwenye faili langu, faili la kwanza la haya mambo nililowahi kuwa nalo.

Mstari wa mwisho wa ukurasa, kwa mwandiko wa mzee: "Siku ya 20. Riksho rupia 12. Shingo imeungua, nimempaka maji. Mtoto kala wali wote."